Kununua Platycerium Kampala: ipi ianze, ipi isubiri

Kwenye vitalu vya maua vya Kampala na Entebbe utaoneshwa Platycerium, kangaga lililofungwa kwenye ubao, majani yamechanua kama pembe, na muuzaji atalitaja kwa jina lolote litakalomjia. Achana na jina, tazama majani. Jenasi ya Platycerium ina takriban spishi 18, zote zenye majani ya aina mbili. Ya ngao hukumbatia mti na kunasa takataka zinazooza kuwa chakula. Ya uzazi hujitokeza mbele na kubeba spora, yaani chembe za uzazi, upande wa chini. Ngao zikizeeka hukauka na kuwa kahawia. Si ugonjwa huo, na anayezibandua ili "kusafisha" mmea anauharibu.

Ya kwanza kwangu ni Platycerium elephantotis. Ni ya Afrika, na porini hapa Uganda ipo. Majani yake ya uzazi hayagawanyiki: mapana, ya duara, masikio ya tembo hasa. Tatizo ni kwamba nyingine hubanduliwa msituni. Ukikuta ganda la mti limeng'ang'ania nyuma ya ngao, uliza imetoka wapi. Jibu likisitasita, iache. Nunua chipukizi lililokuzwa kitaluni, hata kama ni dogo.

Mkaa ghorofani aanze na ya pili, Platycerium bifurcatum, yenye majani yaliyogawanyika, inayopatikana kwa wingi mashariki mwa Australia. Inastahimili kusahaulika, na huzaa vichipukizi vya kugawia majirani.

Ya tatu ni Platycerium stemaria ya Afrika Magharibi na Kati. Nzuri, ila inadai unyevu, na kiangazi cha Januari kitaitesa usipokuwa na muda.

Ya mwisho, Platycerium superbum, ndiyo inayovutia macho kuliko zote. Wengi huiuza kama Platycerium grande ya Ufilipino. Geuza jani la uzazi lililokomaa: superbum ina baka moja la spora, grande mawili. Haitoi vichipukizi, kwa hiyo jicho lake la kukua likioza, pesa yako imekwenda.

Jicho hilo likague kwa spishi yoyote, katikati ya ngao, kabla ya kupatana bei. Likiwa gumu na bichi, lipa. Likibonyea au kuwa jeusi, mrudishie muuzaji ubao wake.