Siku za mwisho za safari yako Kolombia: Cartagena au Mompox?

Kwa urahisi wa kufika, Cartagena, mji wa pwani, haina mpinzani. Uwanja wa ndege uko kilomita chache tu kutoka mji wa kale, ulioanzishwa na Wahispania mwaka 1533 na kuzungushiwa kuta nene za mawe dhidi ya maharamia. Panda ukutani jua linapozama, upepo wa Karibi ukikupiga usoni. Mitaani utakutana na kina mama wa Palenque, mabakuli ya matunda kichwani. Kijiji chao, San Basilio, kilianzishwa na Waafrika waliotoroka utumwa, na lugha yao hadi leo ina maneno ya Kikongo. Kwangu mimi, hilo pekee linalipa nauli. Ila joto, umati, na wachuuzi wasiosikia “hapana”!

Mompox, mji mdogo kando ya mto Magdalena, ni kimya: viti vya kubembea vibarazani, mafundi wa mapambo ya nyuzi za madini ya fedha, kanisa la Santa Bárbara na mnara wake wa pembe nane. Tatizo ni barabara, saa kadhaa kutoka Cartagena. Kama ndege yako ni kesho, usithubutu. Ukiwa na siku nne, anzia Mompox, umalizie ukutani.