Uzoefu wangu: kozi ya Utamaduni na Jamii ya Japani, na masimango niliyoyapata darasani

Nimesubiri hasira zipoe ndipo niandike, lakini hazipoi. Kila nikiona mdogo wetu anaulizia kozi ya Utamaduni na Jamii ya Japani kwa wanafunzi wa kigeni, moto unawaka upya. Jibu langu kwa leo: haifai. Mniwie radhi mliosoma kwingine mkafurahi, mimi naongelea chuo nilichosoma hapa Kyoto, na jina lake nitalihifadhi.

Mada zenyewe mnazijua: chai, kimono, kupanga maua, mahekalu. Sina ugomvi navyo. Siku ya sikukuu za mwaka, mhadhiri alikaa sana kwenye Hinamatsuri, ile sikukuu ya wasichana ya tarehe 3 Machi, na kusema kweli alifundisha vizuri. Alituonyesha ngazi zilizotandikwa kitambaa chekundu, wanasesere wa mfalme na malkia wamekaa juu kabisa, walio chini yao wamepangwa kwa vyeo mpaka watumishi, na ile mochi, keki ya mchele, ya rangi tatu: waridi, nyeupe na kijani.

Mwisho wa kipindi tunagawiwa vikaratasi vya kuandika maoni au swali. Ndiyo desturi ya vyuo vya huku, na ndivyo vinavyohesabiwa kuwa mahudhurio. Mimi nikaandika hivi: tarehe 3 Machi mwaka 1922, humuhumu Kyoto, pale Okazaki, watu wa buraku walikusanyika wakaunda chama chao, Suiheisha, wakatoa tamko ambalo Wajapani wenyewe hulitaja kuwa tamko lao la kwanza la haki za binadamu. Je, tutalisoma?

Kwa asiyejua, buraku ni mitaa na vijiji vya watu ambao mababu zao walitengwa kwa sababu ya kazi zao, kama kuchinja na kutengeneza ngozi. Kwa rangi, kwa lugha na kwa dini ni Wajapani kama wengine wote. Serikali ilifuta tabaka hilo la waliotengwa mwaka 1871, lakini ilifuta kwenye makaratasi. Mwaka 1975 ilifichuka kwamba kuna makampuni yalikuwa yananunua kwa siri vitabu vyenye orodha ya mitaa hiyo, ili anayeomba kazi ajulikane katokea wapi. Na mwaka 2016, juzi tu hapa, Bunge lilipitisha sheria ya kuondoa ubaguzi huohuo. Sasa kama hiyo si jamii ya Japani, jamii ni kitu gani?

Wiki iliyofuata mhadhiri akaanza kusoma vikaratasi kwa sauti, kama kawaida yake. Cha mwenzangu aliyeuliza habari za mochi alikisoma chote, wakacheka pamoja. Changu akakisoma nusu, akanyamaza, akauliza nani kaandika. Nikanyoosha mkono. Akasema hayo ni siasa, si utamaduni, na kwamba mwanafunzi anayesomeshwa kwa kodi za Wajapani ajifunze kwanza kushukuru. Akakikunja kile kikaratasi, akakitia mfukoni mwa koti, akaenda kwenye slaidi inayofuata. Darasa zima kimya.

Masimango, mbele za watu! Mimi nimelelewa Tanga, huko kwetu mtu akikupa sahani ya wali kisha akakutajia, unaiacha hapohapo. Ufadhili nilishindania kwa mitihani na usaili kama wenzangu. Hakuna karatasi niliyotia saini inayosema nisiulize.

Aliyenifuata kwenye korido ni yule kijana msaidizi wa darasa, mzaliwa wa Osaka. Aliinamisha kichwa akaniomba radhi kwa kosa lisilo lake, akanieleza kuwa wao shuleni, tangu msingi, walifundishwa habari za buraku waziwazi, ila rafiki zake waliokulia Tokyo wengine neno lenyewe hawalijui. Dakika chache za kusimama pale zilinifunza kuliko muhula mzima.

Na hapa ndipo hukumu yangu inapoyumba, kwa sababu chuo ni hichohicho kilichonipa zemi. Zemi ni kikundi kidogo cha kusoma chini ya profesa mmoja, na profesa wangu ni mama mmoja mtaratibu ambaye hakwepi swali. Alitupeleka Utoro, mjini Uji, mtaa wa Wakorea ambao wazee wao waliletwa kujenga uwanja wa ndege wakati wa vita, vita vikaisha wakaachwa palepale. Mwaka 2021 kijana mmoja alichoma nyumba za mtaa huo kwa chuki, na vitu vilivyokuwa vimetunzwa kwa maonyesho vikateketea. Mwaka uliofuata jumba la makumbusho likafunguliwa hata hivyo. Tulikaa na bibi mmoja wa hapo, akatutengea kimchi, akajibu kila tulichouliza. Kila kitu! Wala hakuniuliza nani ananilipia ada.

Kwa hiyo niseme nini? Nchi hii naipenda, na ina watu wanaoieleza bila woga. Nilikuja hapa kuipa kozi nyota moja, nikifikiria zemi natamani kukipa chuo tano, halafu nakumbuka kwamba zemi ni ya kuchagua na wageni wengi hawaifikii, wakati kozi ya yule bwana ni ya lazima kwa wote wanaokuja kwa ufadhili kama wangu. Basi inabaki moja.

Wadogo zangu, ombeni chuo, msiogope. Ila tangu wiki ya kwanza ulizieni zemi zinazopokea wageni, na kabla ya kutoa kikaratasi chenu kipigeni picha kwa simu. Mimi nimeshaiandikia idara, kwa jina langu kamili, na nimeambatanisha swali langu vilevile lilivyokuwa. Nasikia muhula ujao anafundisha tena.