Kitambaa cha mbugu ukutani: uzoefu wangu na jumba la sanaa lisilo la faida Kampala

Mimi ni msanii wa kitambaa cha mbugu, yaani kitambaa cha gome la mti wa mutuba, kile ambacho Waganda hukiita olubugo, na nilifikisha umri wa miaka 44 kabla kazi yangu yoyote haijatundikwa mahali pa umma. Ninaandika haya kwa ajili ya wasanii wenzangu wanaojiuliza kama inafaa kupeleka maombi kwenye majumba ya sanaa yasiyo ya faida, kwa maana mimi mwenyewe nilikaa miaka mingi nikiamini kwamba majumba hayo ni ya waliosomea uchoraji Makerere, ambako sanaa imefundishwa tangu mwaka 1937. Jina la jumba lililonipokea siliandiki, kwa sababu nitaeleza pia kasoro zake, na wanaoliendesha ni watu wachache mno.

Kabla ya hapo nilikuwa nimezunguka na kazi zangu kwenye majumba ya kibiashara. Katika mojawapo, mwenye jumba alikunjua kipande kimoja, akakipapasa, akakikunja tena taratibu, kisha akaniambia kwamba wageni hununua picha za tembo na machweo, na wenyeji hawatatundika sebuleni kitambaa cha kuzikia. Kuhusu wenyeji alisema kweli: Buganda maiti huvishwa mbugu, na watu wengi wa mjini hawakioni kitambaa hicho isipokuwa msibani. Lakini msiba ndio niliokuwa nikiushughulikia, tangu tulipomzika mama. Mtu anayelipa pango kwa kile anachouza hawezi kungoja miezi mpaka mnunuzi wa kazi kama yangu apatikane, na kwa hilo simlaumu.

Jumba lisilo la faida huendeshwa kwa ruzuku na michango, kwa hiyo linaweza kuuliza maswali mengine. Baada ya kuitikia mwito wao wa maombi, mratibu wa maonyesho alisafiri hadi Walukuba, Jinja, nilikozaliwa na ninakoishi, akakaa sakafuni kwangu karibu saa tatu. Hakuuliza bei hata mara moja. Aliuliza kwa nini mishono yangu inaonekana. Gome la mutuba likishabanduliwa na kupondwa kwa nyundo za mbao, hubaki na matobo, na fundi stadi huyaziba kwa mshono usioonekana kirahisi. Mimi huyashona kwa uzi mwekundu mnene, kwa kuwa nataka mtazamaji aone palipotoboka. Sikuwahi kulisema jambo hilo kwa sauti mpaka siku ile, na maelezo yaliyobandikwa baadaye kando ya kazi yangu yalitokana na mazungumzo hayo.

Kazi ya kutundika ilinifundisha zaidi kuliko nilivyotarajia. Nilidhani tutapigilia misumari tu. Fundi wao alishauri kitambaa kining'inizwe mbali na ukuta, kiasi cha shubiri moja, na taa ielekezwe kutoka upande, ndipo kivuli cha kila mshono kikaanguka ukutani na kazi ikawa na tabaka ambalo sikuwa nimelipanga. Jioni ya ufunguzi mzee mmoja alisimama mbele yake, akavua kofia, akaniuliza kwa Kiganda ni nani aliyezikwa. Nilimwambia. Tulizungumza kuhusu mama yangu kwa muda mrefu, na kwangu mimi maonyesho yalikuwa yamekwisha kufanikiwa pale pale, ingawa katika muda wote wa maonyesho hakikuuzwa hata kipande kimoja.

Sidai kwamba mimi ni wa kwanza kufaidika. Kule Kampala kituo cha 32° East kimekuwa kikifanya kazi ya namna hii tangu mwaka 2011, kikiwapa wasanii nafasi ya kukaa na kufanya kazi na pia maktaba ya kusomea, na tamasha lake la KLA ART lilitoa sanaa ndani ya kuta na kuipeleka barabarani, kwanza kwa makontena mwaka 2012, kisha kwa boda boda mwaka 2014. Na mwaka 2022, banda la Uganda kwenye maonyesho ya kimataifa ya sanaa kule Venice, Italia, lilipotajwa kwa heshima na majaji, mmoja wa wasanii wake wawili alikuwa Acaye Kerunen, ambaye kazi zake hutumia ususi wa wanawake ambao siku zote wameitwa mafundi wa mikeka na vikapu tu. Habari hiyo ndiyo iliyonipa ujasiri wa kujaza fomu.

Fomu yenyewe, hata hivyo, ilikuwa ya Kiingereza peke yake, kurasa saba, na bila binti ya dada yangu nisingeimaliza. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Jumba linalosema kwamba linawatafuta waliosahaulika linapaswa kupokea maombi kwa Kiswahili na kwa Kiganda, hata kwa sauti iliyorekodiwa. Kasoro ya pili ni fedha. Nauli na gharama za kusafirisha kazi nilirudishiwa zote, lakini baada ya wiki saba, kwa kuwa fedha za mfadhili zilichelewa, na muda huo wote nilikuwa nadaiwa na jirani. Msanii anayekwenda huko awe na akiba ya usafiri, au aombe malipo ya awali kabla ya kutia sahihi; baadaye niligundua kwamba walioyadai walipewa.

Walichonipa cha kudumu ni picha kumi na mbili zilizopigwa vizuri na kurasa mbili za maandishi kuhusu kazi yangu, jina langu likiwa limeandikwa sawasawa. Asiyekuwa na shahada wala jina hana kitu kingine cha kuonyesha anapobisha mlango unaofuata. Vipande viwili vidogo vilinunuliwa miezi mitatu baadaye na mtu aliyeziona picha hizo, na mwezi uliopita niliziambatanisha na maombi yangu ya pili, ambayo safari hii niliyajaza mwenyewe.