Suti ya Kuzamia ya Milimita 5 kwa Maji ya Baridi: Uchambuzi

Karibuni tena, watazamaji wangu wa hapa Moshi, wa Arusha na wa kwingineko. Leo nachambua suti hii ya kuzamia ya neoprini (aina ya mpira laini), yenye unene wa milimita 5, niliyoinunua kwenye mitumba ya soko la Memorial na ambayo naivaa katika bwawa la mazoezi kabla ya kushuka Pemba au Mafia. Mabwawa yetu mengi hayapashwi moto, na ikifika Julai mwanafunzi anayejifunza kupumua kwa mtungi huanza kutetemeka kabla somo halijafika katikati. Sababu ni kwamba maji hubeba joto la mwili kwa kasi inayokaribia mara 25 ya hewa, hivyo hata maji ya nyuzi 22, ambayo mkono ukiyagusa huyaona ya kawaida, humchosha mtu aliyetulia ndani yake.

Swali ninaloulizwa zaidi ni la unene, ilhali mimi naanza na ukubwa wa suti. Neoprini ina vipovu vidogo vya gesi vinavyozuia joto lisitoke, na maji machache yanayopenya hukaa kati yake na ngozi, mwili ukayapasha. Yakitoka na kuingia mengine, mwili huanza kazi upya, na ndiyo maana nasema bila kusita kwamba milimita 3 zilizokukaa vizuri zina joto kuliko milimita 5 zinazopwaya.

Tazameni hapa kiunoni kwa nyuma, kwenye bonde la mgongo. Nikiinama, kitambaa kinanyanyuka na kuacha nafasi ya kupitisha vidole viwili. Humo ndimo maji baridi hukusanyika, na kila ninapojinyoosha husukumwa kuelekea shingoni. Hii ndiyo kasoro kubwa ya suti hii kwa umbo langu. Shingo yenyewe, vifundo vya mikono na vya miguu vimebana sawasawa, na nyuma ya zipu kuna kipande kipana cha neoprini kinachopunguza maji yanayopenya kati ya meno yake.

Mishono yake imenifurahisha. Imegundishwa kwanza, kisha ikashonwa kwa sindano isiyotokeza upande wa pili, kwa hiyo hakuna matundu ya kupitisha maji. Suti nyingi za bei nafuu hushonwa uzi ukapita pande zote mbili. Hizo zinafaa bahari ya joto tu.

Kwa kuwa tunanunua mitumba, ikunjeni na kuibonyeza kwa kidole gumba kabla ya kutoa fedha. Neoprini nzima hurudi mara moja. Iliyochoka hubaki na alama, kwa sababu vipovu vyake vimekwisha kubanwa na unene ulioandikwa kwenye lebo haupo tena. Hata suti mpya hupungua joto kadiri unavyoshuka: baharini, kwenye kina cha mita 10, mgandamizo huwa mara mbili ya ule wa juu, na vipovu husinyaa. Anayepanga kwenda chini zaidi asiipime suti yake kwa jinsi alivyojisikia bwawani.

Ongezeni kofia ya neoprini, maana kichwa kilicho wazi hupoteza joto muda wote. Mkishatoka majini, vaeni koti la kuzuia upepo juu ya suti kama mnasubiri zamu ya pili, kwa kuwa kitambaa cha nje kilicholowa hupoza mwili kinapokauka. Chai ya tangawizi inafaa. Pombe hapana, kwani hupanua mishipa ya ngozi na kulitoa joto nje.

Kwa bwawa la Arusha mwezi wa Julai, na kwa Pemba kwa wale wanaosikia baridi upesi, naipendekeza suti hii kwa moyo mmoja, mradi ikukae vizuri mgongoni kuliko inavyonikaa mimi. Mwenye safari ya Cape Town, ambako upande wa Atlantiki maji hushuka hadi karibu nyuzi 10, aiache na atafute ya milimita 7 yenye kofia, au suti kavu, yaani ile isiyoruhusu maji kuingia kabisa.