Nimerudi kwenye BBS: skrini ni ileile, foleni haipo

Nyota nne kati ya tano. BBS ni ubao wa ujumbe wa kompyuta: zamani kompyuta yako iliupigia simu kwa modemu, kifaa cha kuiunganisha na laini ya simu, ukasoma na kuacha ujumbe, ukachukua mafaili na kucheza gemu. Hii niliyojiunga nayo haihitaji modemu tena. Unaifikia kwa telneti, njia ya zamani ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa maandishi, kupitia intaneti ya kawaida, nami natumia SyncTERM, programu ya bure. Unaandika anwani, rangi zinajaa kwenye skrini nyeusi, unaulizwa lakabu na nenosiri. Kwa mtu wa zama zile, hapo tu roho inasuuzika. AOL, kampuni ya Marekani, ilipozima huduma yake ya intaneti ya kupiga simu tarehe 30 Septemba 2025, wengi waliukumbuka ule mlio wa modemu. Mimi mlio ule sikuwahi kuupenda. Niliwakumbuka watu.

Kilichonisumbua mwanzoni ni kasi. Ukurasa unatokea wote kwa mpigo, ilhali zile picha za herufi zilibuniwa zijichore mstari kwa mstari mbele ya macho yako. Dawa ipo: SyncTERM inakuruhusu kupunguza kasi. Niliiweka biti 2400 kwa sekunde, yaani herufi kama 240, na skrini ya herufi 2,000 ikachukua sekunde nane na ushee kujaa. Nikaanza kusoma tena, si kupitisha macho. Nikajaribu na 300, kasi ya siku za CBBS, BBS ya kwanza, ile ambayo Ward Christensen na Randy Suess waliifungua Chicago Februari 1978. Skrini moja, zaidi ya dakika! Heshima kwao, lakini sikuvumilia.

Wanachama ni wachache, ila wanaandika aya kamili, na salamu zangu zilijibiwa na msimamizi mwenyewe. Hilo halijabadilika. Kilichobadilika ni foleni. BBS nyingi za zamani zilikaa kwenye chumba cha mtu nyumbani kwake, kwa laini moja ya simu. Mmoja akiingia, wengine wote walipata mlio wa simu inatumika. Ndiyo maana kila mtu alipimiwa dakika zake kwa siku. Msimamizi aliweza kuona unachoandika, na akijisikia anakukatiza mpige soga. Uliandika ukijua kuna mwenzako anabisha hodi, kwa hiyo hukupoteza maneno. Leo tunaingia wengi kwa pamoja, hakuna anayemsubiri mwingine, na hoja nzuri inaweza kulala wiki nzima bila mtu kuigusa.

Zamani nako majibu yalichelewa, lakini kwa sababu inayoeleweka. FidoNet, mtandao ulioanzishwa na Tom Jennings mwaka 1984, ulisafirisha barua kati ya BBS na BBS usiku, kompyuta moja ikiipigia nyingine wakati gharama ya simu imeshuka. Jibu la mtu wa mbali lilipokufikia, hasira ilikuwa imeshapoa.

Sehemu iliyonikamata kabisa ni gemu. Legend of the Red Dragon ya mwaka 1989, gemu la maandishi la kupigana na majitu na wachezaji wenzako, ipo, na bado inakupa mapambano ya kuhesabu kwa siku. Yakiisha, rudi kesho. Ukirudi unakuta habari za nani kamuua nani. Mimi, mhusika wangu akiwa amelala kondeni, niliuawa usingizini na bwana mmoja ambaye jana yake alinielekeza kwa upole namna ya kurekebisha rangi za skrini. Akaniandikia kuniomba radhi, kisha akaniua tena. Huo ndio ujirani ninaoukumbuka.

Nyota moja nimeibana kwa makusudi. Fomu ya kujiandikisha ni ndefu kupita kiasi, na mafaili yana majina ya herufi nane ambayo hayakuambii kitu. La muhimu zaidi: telneti haifichi unachotuma, hivyo tumia nenosiri ambalo hulitumii popote pengine.

Anayetaka umati na majibu ya dakika hiyohiyo asijisumbue. Wengine karibuni, ila mkiingia kwenye gemu lipieni chumba cha kulala. Msilale kondeni; yule bwana bado yupo.