Fleksibo za Bomba la Jikoni: Anza na Nati

Malalamiko yanayonifikia yanafanana mno. Bomba jipya la jikoni, la bei kubwa, limefungwa na fundi anayeaminika, na baada ya miezi kadhaa kabati la chini ya sinki limevimba kwa maji. Mwenye nyumba anamlaumu fundi, fundi analilaumu bomba. Mara nyingi kilichopasuka ni nati ya fleksibo, yaani ule mpira mfupi unaotoa maji kwenye koki ya ukutani na kuyapandisha kwenye bomba.

Urefu na saizi nitavipita haraka. Pima, acha nafasi mpira upinde bila kujikunja, na ujue kama koki yako ni ya nusu inchi au ya 3/8. Ila angalia hili: nati za nusu inchi za NPT, wanazotumia Marekani, na zile za BSP, za mfumo wa Uingereza, zote zina meno 14 kwa inchi. Zitaanza kushikana kama zimeumbiwa pamoja, halafu zigome kuziba.

Wanunuzi wengi hutazama waya uliosukwa kwa nje, wakiuona unang'aa wanalipa. Waya ule kazi yake ni kuuzuia mpira wa ndani usitanuke. Nati ndiyo inayoshikilia kila kitu, na haipumziki: ndani ya fleksibo kuna presha usiku na mchana, hata ukiwa umelala au umesafiri. Nati ya plastiki ikikazwa kwa spana hubaki na mkazo ndani yake, ufa mwembamba ukaanza kwenye meno na kutambaa polepole mpaka siku inakatika. Nati ya zinki iliyopakwa kromu naiogopa zaidi, kwa sababu kwa macho huwezi kuitofautisha na ya shaba njano. Ikwaruze kidogo ukingoni. Shaba njano itaonyesha unjano, zinki itaonyesha kijivu. Ipime mkononi pia. Ya shaba ni nzito.

Chaguo langu la kwanza ni fleksibo za kampuni ya Neoperl, na upendeleo huo siufichi. Wanajulikana zaidi kwa vile vichujio vya kwenye mdomo wa bomba, lakini fleksibo zao wanazitengeneza kwa makini uleule. Chukua yenye nati ya shaba njano na waya usioshika kutu. Ukiikosa, tafuta kwenye lebo namba EN 13618, kiwango cha Ulaya cha fleksibo za maji ya kunywa, au NSF/ANSI 61, kinachohusu vitu vinavyoweza kutoka kwenye mpira na kuingia kwenye maji. Na hata ukinunua iliyo bora kuliko zote, usihifadhi dawa za klorini chini ya sinki: mvuke wake hula waya huo mpaka ukakatika.

Ya pili ni paipu ya chuma kisichoshika kutu yenye mikunjo. Haina mpira wa kuzeeka. Ubaya wake, ukiipinda na kuinyoosha mara kwa mara mahali palepale itapasuka, kwa hiyo ipinde mara moja uiache.

Ya tatu ni zile zinazokuja ndani ya boksi la bomba. Zikague nati kama nilivyoeleza. Upande unaoingia kwenye bomba una kijipete cha mpira kinachoziba, kwa hiyo kaza kwa vidole tu.

Za plastiki tupu, za nati ya plastiki, ziache dukani.

Fundi akitaka kuzungusha tepu nyeupe kwenye nati yenye washa bapa, yaani kile kipete bapa cha kuzibia kilichomo ndani ya nati, mzuie. Washa ndiyo inayoziba. Tepu inamfanya akaze kupita kiasi. Kaza kwa mkono, kisha robo mzunguko kwa spana, basi.

Linaloniudhi ni wauzaji. Bomba linauzwa ghali kwa jina lake, kisha boksini mnaingizwa fleksibo za bei rahisi kuliko zote, na ukiuliza nati ni ya nini unajibiwa "ni chuma hiyo." Wengine hukata lebo na kuzifunga mafungu kwa mpira, mbovu na nzuri pamoja, bei moja. Muuzaji asiyekubali kufungua pakiti uitazame nati, mwachie mzigo wake uende duka jingine.