Kujenga upya kifurushi cha Debian, au "make install"?

Saiba yetu ya Kondele, Kisumu, ina kompyuta sita za Debian (mfumo endeshi wa aina ya Linux), na programu moja ilihitaji kurekebishwa mstari mmoja tu wa msimbo.

Njia ya "./configure", "make" na "sudo make install", yaani kujenga programu moja kwa moja kutoka kwenye msimbo, ni ya haraka. Ila faili zinaingia folda ya /usr/local bila dpkg, programu ya Debian inayosimamia vifurushi, kujua lolote, na siku ukitaka kuziondoa utazisaka moja moja, maana si kila mradi una "make uninstall". Kwa mashine ya majaribio, sawa.

Kwa kompyuta ambazo wateja wanazitegemea, mimi nakijenga upya kifurushi chenyewe, yaani faili ya .deb ambayo Debian husakinishia programu. Washa mistari ya deb-src (inayoonyesha msimbo unapatikana wapi) kwenye orodha ya vyanzo vya apt, kisha "apt source" ilete msimbo na "sudo apt build-dep" ilete vitegemezi, yaani vifurushi vingine vinavyohitajika kuijenga. Rekebisha, andika toleo jipya kwa "dch --local", umalizie na "dpkg-buildpackage -us -uc -b". Bando linaliwa, kweli, lakini unajenga mara moja na kubeba faili ya .deb kwa flashi hadi mashine zote sita.

Chunga sana jina la toleo. Ukiandika 1.2-3+kisumu1, dpkg italiona kubwa kuliko 1.2-3+deb12u1 (ndivyo Debian 12 inavyoandika toleo la sasisho), kwa kuwa k huja baada ya d, na sasisho la usalama halitaingia. Hilo ni hatari kubwa, tena ya kimyakimya. Andika +0kisumu1: iko juu ya 1.2-3 na chini ya +deb12u1. Sasisho likija, litaingia, nawe utarudia rekebisho lako juu yake.